Mgeni Aketi Wapi?

Katika mambo yautahiniyo moyo wa mtu ghafula, mojawapo ni kuketi barazani pamoja na sahibu aliyetoka nchi ya mbali, mazungumzo yamekolea na chai haijapoa, kisha desturi fulani ya kwenu ikatajwa, au ikapita mbele yenu kwa miguu yake, nawe kabla hujapata nafasi ya kufikiri umekwisha kuinamisha uso au umekwisha kutunisha kifua. Aghalabu watu huyatenga mambo haya mawili na kuyapa hukumu mbalimbali: kuinama huitwa utumwa wa fikira, na kutuna huitwa uungwana. Mimi ni mzaliwa wa uwanda wa Makonde, upande wa Mkunya katika Newala, mahali ambapo mila za wenyeji zimetazamwa na wageni, zikapigwa picha, zikaandikwa, zikanunuliwa na hata kuibwa kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja. Na kila nikiyazingatia yaliyotupata katika muda huo, ndivyo nizidivyo kushuku kwamba yule aliyeinama na yule aliyetuna wanamtumikia bwana mmoja, naye ni jicho la mtazamaji.

Na tuanze na nyuso, maana ndizo zilizotangulia kutazamwa. Mwanamke wa Kimakonde wa zama za bibi zetu alichanjwa chale usoni, kifuani, tumboni na mgongoni. Fundi alikata ngozi kwa kisu chembamba na kusugua masizi ya mkaa katika majeraha, na yalipopona ikabaki mistari iliyokoza weusi, ikipanda na kushuka kwa pembe, safu juu ya safu, kwa ulinganifu ambao mchoraji wa leo mwenye rula mkononi angeuonea wivu. Mdomo wake wa juu ulitobolewa angali msichana, ukatiwa kijiti, na kijiti kikafuatwa na kingine kilicho kinene kuliko cha kwanza, hata ukaweza kubeba ndonya, lile pambo la mdomoni. Wanaume nao walichanjwa, na wengi walichonga meno. Aliyeyakimbia maumivu hayo ndiye aliyeona haya, kwa kuwa uso usio na alama ulikuwa uso ambao haujasema neno bado. Soni ilikuwapo basi, na fahari ilikuwapo, ila hakimu wake alikuwa jirani, shangazi na mjomba, watu ambao wao wenyewe waliibeba katika ngozi zao sheria waliyohukumia.

Hakimu alibadilika. Mwaka 1906, moto wa Maji Maji ukiwa haujazimika vema, Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na kupanda hata Newala, naye amechukua kamera, chombo cha kunasia sauti, na chombo kingine, ambacho huku hakijapata kuonekana, cha kunasia picha zinazokwenda. Alizipiga picha nyuso za wazee wetu, akanasa nyimbo zao, akakusanya vinyago vya ngomani, akatafuta kwa bidii kubwa kuziona shughuli za jando na unyago, na mwaka 1908 akatoa kitabu ambacho hata leo mwenye kutaka kuijua Newala ya wakati ule hana budi kukipitia. Sisemi kwamba alikuwa mtu mwovu. Katika kurasa zake kuna mahali anapostaajabu kwa unyofu na mahali anapocheka kwa kejeli, na hayo mawili yamechanganyika kama yachanganyikavyo kwa wasafiri wengi. Lakini alifuatana na askari, katika nchi iliyokuwa imetoka kupigwa. Mtu akitazamwa na yule asiyeweza kumkataa, hatuna njia ya kujua kama aliona haya ama aliona fahari, na zile picha nzuri za Leipzig, ambazo watoto wetu sasa huziangalia kwa shauku, haziwezi kutuambia.

Hata hivyo si haki kumtwisha Mzungu mzigo wote. Ajnabi wa kwanza aliyemfanya Mmakonde auzibe mdomo wake kwa upindo wa kanga alikuwa Mwafrika mwenzake, asemaye lugha hii hii niandikayo. Mmakonde aliposhuka Lindi, Mikindani, Dar es Salaam au kuvuka Unguja kutafuta kazi ya mkonge au ya ulinzi wa usiku, alikutana na watu wenye chuo, kanzu na tenzi. Wakaziona chale zake wakamhofu, wakayasikia matamshi yake wakamwiga, wakasimuliana kwamba anakula panya. Habari hiyo kwa wengi wetu ni ya kweli, wala haikustahili kuwa habari, maana panya wa shambani aliyenona kwa mihogo na karanga si yule wa jalalani, na aliyemwonja aliyebanikwa vizuri hatahitaji hoja. Hata hivyo nimeona bwenini, katika shule iliyokusanya vijana wa mikoa mingi, kijana wa kwetu aliyeletewa na mjomba wake kifurushi cha kitoweo hicho akakificha chini ya kitanda usiku kucha. Wenzake wakakifuata kwa harufu, wakamcheka mpaka wakachoka kucheka, kisha wakakila chote wakamwachia mikia. Bado sijaamua katika kisa kile nani alishindwa.

Mkusanyiko wa mambo hayo, yaani dharau ya pwani, mafundisho ya misheni na ya misikiti, shule na kazi za mjini, ndio uliomaliza chale na ndonya, taratibu, pasipo vita. Akina mama waliokuwa na ndonya walizeeka nazo. Mabinti zao wakabaki na tundu dogo ama bila tundu. Wajukuu hawana kitu. Mambo yangekoma hapo tungesema ni habari ya kila kabila, kwa kuwa hakuna watu duniani wasioacha pambo moja na kushika jingine. Lakini kwetu yalifuata mageuzi ambayo mtunzi wa hadithi angeshutumiwa kwa kuyatia chumvi.

Katika miaka ya 1950, Wamakonde wengi waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji na kukaa Dar es Salaam walianza kuchonga mpingo kwa wingi ili wauze. Samaki Likankoa akatokeza na yale maumbo yaitwayo mashetani, yenye jicho moja, sikio tumboni na kiungo kisichojulikana mwanzo wala mwisho. Mfanyabiashara Mohamed Peera, mwenye asili ya Kihindi, akayanunua na kuyatafutia wanunuzi. Na Roberto Yakobo Sangwani akachonga nguzo ya watu waliopandana na kushikana, mtindo ambao baadaye ulipewa jina la ujamaa, ukafanana na siasa ya nchi kana kwamba uliagizwa na chama. Wazungu wakastaajabu. Vitabu vikaandikwa, maonyesho yakafanywa, na jina la Makonde, ambalo juzi lilikuwa tusi katika vichochoro vya mjini, likawa jina la sanaa katika majumba ya Ulaya. Nasi tukageuka kwa wepesi ambao ulipaswa kututia wasiwasi. Zimekuwapo nyumba, na nyingine ni za jamaa zangu mwenyewe, ambamo mwenye nyumba, mtu wa ofisi na suti, alimwomba bibi yake asitoke chumbani wakati wageni wa kigeni wapo sebuleni, kwa sababu ya ndonya yake. Na pale pale sebuleni, juu ya kabati, akaweka kinyago cha mpingo cha mwanamke mwenye ndonya, akawaeleza wageni wake kwa ufasaha asili ya pambo lile na uzuri wake.

Sijui mfano mwingine ulio wazi kuliko huo. Bibi na kinyago walikuwa kitu kimoja, tofauti yao ikiwa ni kwamba kinyago kilikwisha kusifiwa na mgeni, na bibi alikuwa bado. Fahari ya bwana yule haikuwa uongo. Aliyoyasema juu ya ndonya yalikuwa sahihi, na pengine aliyasema kwa mapenzi. Lakini ilikuwa fahari ya kukopa, na mkopeshaji akibadilisha mawazo kesho, akasema kwamba ndonya ni mateso ya wanawake, kinyago nacho kitahamishiwa chumbani.

Viongozi wetu waliliona jambo hili mapema. Tanganyika ilipokuwa jamhuri mwezi Desemba 1962, Rais Julius Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akawasuta wasomi, naye akijihesabu miongoni mwao, kwa kuwa walijivunia kucheza rumba na chachacha hali ngoma za kwao hawazijui. Maneno yake yalikuwa ya haki, na yalizaa mengi. Sindimba ya Wamakonde ikapandishwa jukwaani na kikundi cha ngoma cha taifa, ikachezwa mbele ya mabalozi na marais wa nchi nyingine, na mtoto wa Kihaya au wa Kichaga ambaye hajapata kuiona Newala akajua kuikata. Ila jukwaa lina tabia zake. Ngoma ambayo nyumbani ina mahali pake, saa yake na watu wake, na ambayo kiuno kinapozunguka kinafundisha jambo kwa mtu aliyefika umri wa kulijua, ilifupishwa ikawa dakika chache za viuno, imeelekezwa upande mmoja waliko wakubwa wenye viti. Wako wazee wetu walioitazama hivyo wakainamisha macho. Mpita njia angedhani kwamba wanaionea aibu ngoma yao, na kumbe waliona sitara ya nyumba imeanikwa, tena imeanikwa na watu waliodhani wanaiheshimu.

Hapo ndipo palipo kiini cha ninalotaka kulisema. Sisi tumezoea kuhesabu hali mbili tu, ya kuficha kwa aibu na ya kuonyesha kwa fahari, na tunasahau ya tatu, ambayo kwa wazee wa uwanda ilikuwa ndiyo kubwa: kuficha kwa fahari. Kinyago cha ngoma za midimu, ambacho ng'ambo ya Ruvuma huitwa mapiko, hakikukusudiwa kujulikana. Mtu aliyekivaa hakuwa fulani mwana wa fulani. Wanawake na watoto waliokimbia mbele yake hawakupaswa kumjua, na hata yule aliyemjua kwa kisigino chake alipaswa kutomjua. Nguvu yake yote ilikuwa katika haki ya kutoonyeshwa isipokuwa siku yake, na kwa namna yake.

Kwa ajili hiyo nimekuwa na mawazo yaliyogawanyika juu ya kisa mashuhuri cha kinyago kimoja. Mwaka 1984 wezi waliingia katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam wakaiba vitu kadhaa, na miongoni mwake kinyago cha Kimakonde cha kuvikwa kichwani. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 mtaalamu mmoja akakitambua kuwa ni cha wizi. Mazungumzo yakakokotwa kwa miaka, na mwezi Mei 2010, mjini Paris, kikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania. Nilifurahi kama alivyofurahi kila mwananchi, kwa maana mali ya wizi haipati uhalali kwa kuwekwa juu ya kitambaa kizuri. Hata hivyo sikuweza kujizuia kufikiri kwamba kabla ya kuibwa Dar es Salaam, kinyago kile kilikuwa kimekwisha kukaa katika kioo, mchana kweupe, kikitazamwa na wanafunzi wa kike na wa kiume waliopanga foleni. Na kwamba safari yake ya kwanza, ya kutoka uwanda hadi kioo cha mji wetu wenyewe, hakuna mtu aliyeiitia mkutano.

Nchini Kenya jambo hili la kinyago kupata heshima kuliko mwenyewe lilipata sura chungu zaidi. Wamakonde waliokwenda huko zama za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa huko na kuzikwa huko, waliishi miongo mingi bila kitambulisho cha uraia, mpaka mwezi Oktoba 2016 walipotoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumkabili Rais Uhuru Kenyatta, ndipo wakapewa vitambulisho na kutambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi ile. Muda wote huo vinyago vyenye jina lao viliuzwa kwa watalii katika pwani ya Kenya. Mtu aweza kukipenda kinyago chako mapenzi ya dhati asijue kama una karatasi ya kukuruhusu kulala ulipolala.

Sikusudii kuhubiri kwamba kila kilicho chetu ni chema na kwamba mgeni hana neno. Askofu Vincent Lucas, Mwingereza, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi tangu 1926 hata 1944, aliona jando haliwezi kufutwa wala halipaswi kufutwa. Akashirikiana na mapadre wenyeji kulifanya la Kikristo, sala zikachukua mahali pa matambiko na tohara ikabaki. Wamisionari wenzake wengine walimshangaa, na wenyeji wengine pia. Mimi namheshimu kwa kuwa aliketi na kusikiliza kabla ya kuamua, ingawa siachi kuona kwamba mkasi ulikuwa mkononi mwake. Na leo, wakati jando na unyago huangukia likizo za shule, kuna jambo ambalo linanitia soni bila kuhitaji msaada wa mgeni yeyote. Msichana wa miaka minane au tisa akiingizwa unyagoni, akafundishwa mambo ya unyumba kabla hajamaliza hesabu za kugawanya, mimi naona haya mbele ya msichana yule. Mzungu akiwapo, asipokuwapo, haya yangu haipungui wala haizidi. Nimejifunza kuipima kwa njia hiyo: ile inayoondoka pamoja na mgeni aingiapo garini haikuwa haya, ilikuwa woga wa kuchekwa tu, ile inayobaki baada ya vumbi la gari kutulia, hiyo ni lazima niifanyie kazi, na niifanye pamoja na mama zangu na mjomba zangu, maana wao ndio wenye shughuli.

Nina rafiki Mjerumani aliyekuja kwetu kwa kazi ya maji akazoea kupanda Newala kila apatapo mapumziko. Siku za kwanza nilimpeleka Shimo la Mungu, kama tuwapelekavyo wageni wote, asimame ukingoni aone uwanda unavyokatika na bonde linavyoteremka kuelekea Ruvuma na Msumbiji; na nimegundua kwamba hapo hakuna Mmakonde asiyeona fahari, labda kwa sababu lile ni jambo pekee katika nchi yetu ambalo hatukulichonga sisi. Jioni moja, tumemaliza ming'oko na samaki, nilimwomba atuimbie wimbo wa babu zake, kwa kuwa sisi tulikwisha kuimba nyingi. Akasita. Akaimba kitu kidogo cha kuwabembeleza watoto, akanyamaza. Baadaye aliniambia kwamba nyimbo nyingi nzuri za kijijini kwao ziliimbwa na watu waliovaa sare kati ya 1933 na 1945, na kwamba mtu wa rika lake hawezi kuzianza bila ya kugeuka kutazama nani yuko nyuma. Tangu usiku ule urafiki wetu ulisimama mahali pengine. Nilikuwa nimemhesabu kuwa jicho, na kumbe naye alikuwa na chumba ambacho bibi yake amefungiwa.

Ndipo alipoomba kuliona jando. Nilimweleza yale yanayoelezeka, na yale yasiyoelezeka sikumweleza, naye hakudhani kwamba nayaficha kwa aibu, maana yeye alijua tofauti. Aliomba walau ahudhurie siku ya kutoka wari, ambayo ni ya watu wote. Hilo halikuwa langu kuamua. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba katika shughuli kama hizo halipitwi. Nikamwendea mjomba jioni, nikampa shikamoo, nikakaa chini, nikamweleza kwamba nina mgeni, mtu mwema, mwenye heshima, aliyesoma sana.

"Marahaba, mpwa wangu. Amekwenda jando huko kwao?"

Nikamwambia, "Hapana, mjomba. Kwao hawaendi."

Akafikiri kwa muda mrefu, si kwa kudharau, bali kama afikirivyo mtu anayepanga watu mahali pao. "Basi huyo ni mtoto," akasema. "Wala si kosa lake. Aje, ila ataketi na mama zako."

Nilipompelekea rafiki yangu jibu lile, na ikanilazimu kumfasiria swali lililotangulia, uso wake uliiva hata masikio. Siku ilipofika aliketi mkekani katikati ya wanawake, wakampakatisha watoto wawili, wakampa sahani iliyofurika, wakamfundisha kupiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Midimu walipoingia uwanjani na kinyago kikaelekea upande wa watoto, yeye alikimbia pamoja nao, na kicheko cha akina mama kilisikika hadi barabarani. Mjomba aliniita pembeni jua likishuka. Alitaka kujua kama huko Ujerumani hakuna mjomba hata mmoja wa kumsaidia kijana yule, kwa sababu umri wake umekwisha kusonga sana. Nikamwambia nitauliza.